Bastola Uliyotaka Nichague

S.L.P. 88,
Cotter's Bend, Arkansas.
3 Machi 2009.

Kaka yangu mpendwa Wendell,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na Marlene hamjambo, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye theluji hiyo ya Alaska. Mimi naendelea. Mkono alionivunja mwanangu Royce umeunga, ila baridi yabisi imeingia kwenye vidole na asubuhi havikunjiki mpaka nivitie kwenye maji ya moto.

Barua yako nimeipata, pamoja na kurasa ulizokata kwenye magazeti yako ya silaha. Bastola sita ndogo ndogo, kila moja umeizungushia wino: hii nyepesi, hii haionekani mfukoni, hii haikwami. Maelezo chungu nzima, na jina la mwanangu hukuliandika hata mara moja. Umeandika tu "huyo akija". Huyo ni mpwa wako, Wendell.

Nilikwenda dukani kwa Hoyt Jumamosi. Kwetu unakujua: mwanamke akiuliza bastola, wanaume wote wanageuka mafundi. Kila mmoja akachomoa yake mfukoni anionyeshe. Shemasi Lamar, huyu anayepitisha sahani ya sadaka, alitoa yake ndani ya buti.

"Dada Nadine, hii naingia nayo kanisani mwaka wa tisa huu, hata mke wangu hajui."

"Mkeo anajua, Lamar," Hoyt akamwambia. "Kwaya nzima inajua. Ukipiga magoti inagonga benchi."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe. Kwa dakika hiyo nilisahau nimefuata nini.

Hoyt alianza kwa kunipa ya rangi ya waridi. "Hii ndiyo ya akina mama," akasema. Nyepesi kweli. Kuikoki sasa, vidole vikagoma. Niliibana tumboni nikavuta kwa nguvu zote, kama mtu anayefungua chupa ya achari, wapi. Ndipo akaniambia jambo ambalo wewe na kurasa zako hamkulitaja: kadiri bastola inavyokuwa ndogo na nyepesi, ndivyo inavyotaka vidole vyenye nguvu, na ndivyo inavyourusha mkono vibaya ikilia. Kumbe hiyo ya akina mama imetengenezewa mikono kama yako. Mwishowe nilichukua ya chuma, yenye gurudumu la kuzungusha risasi tano, isiyotaka kukokiwa. Si mojawapo ya zile sita, utanisamehe.

Kuna mgeni mmoja pale, hajui habari zetu, akauliza, "Mama, kwani unamwogopa nani?" Lamar akaanza kusoma maandishi ya kwenye boksi la risasi. Wote wanajua nani alinibamiza kwenye friji mwezi wa Novemba kwa sababu nilimnyima pesa za dawa zake za kulevya. Nikajibu, "Mbwa koko." Nilimkana mwanangu mbele ya shemasi, na hakuna aliyeinua macho.

Nyuma ya duka Hoyt alitundika karatasi yenye umbo la mtu. "Lenga kifua, mama. Ukimpiga mguu atakufikia." Mimi kifua hicho nakijua. Nimekipaka dawa ya kikohozi usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nilipiga risasi tano, tatu zikaingia. Wakanipigia makofi. Nikaenda nyuma ya gari la Lamar nikatapika.

Sasa niseme lililonikaa rohoni. Mume wangu Gene alipofariki, Royce alikuwa na miaka kumi na miwili, na wewe ulisema utakuwa baba yake. Ulimpa bunduki. Alipoangusha kulungu wake wa kwanza ulimpaka damu ya mnyama huyo mashavuni, kama desturi ya wawindaji wetu, na kwa siku tatu hakukubali nimwoshe uso kwa jinsi alivyokuwa na fahari. Msimu uliofuata ukahamia Alaska. Alikuandikia barua nne, nami ndiye niliyezinunulia stempu. Hukumjibu hata moja. Mtoto ulimfundisha kulenga, kisha ukaondoka. Na leo unanifundisha mimi. Nina hasira na wewe, kaka, na sitaifichaficha.

Anatoka jela Ijumaa, tarehe ishirini. Mahakama imemkataza kukanyaga hapa, lakini hana mlango mwingine anaoujua, na sote tunajua atakapokwenda baa zikimfukuza. Ameacha dawa kwa lazima miezi minne sasa. Afisa atakayemsimamia ni mwanamke mwenye huruma. Ameniambia kwamba kama kuna ndugu wa mbali atakayempa kitanda na kazi, watamruhusu ahamie huko. Wewe una karakana ya injini, na chumba cha mwanao Denny kiko wazi tangu alipooa. Karatasi ya kukubali nimeitia ndani ya bahasha hii. Mahali pa kusaini nimepazungushia wino, kwa kuwa naona ndivyo unavyoelewa.

Usiniambie aache dawa kabisa kwanza ndipo aje. Ulishasema hivyo mara mbili.

Nisalimie Marlene, na Denny na mkewe, na mwambie shangazi yetu Opal kwamba blanketi alilonishonea nalitumia. Bwana awalinde nyote na barafu ya barabarani na awape siku zilizo nyepesi kuliko zangu.

Bastola iko kwenye mfuko wa aproni yangu ninapoandika. Ni nzito, inavuta kitambaa upande mmoja. Akiingia kwa mlango wa jikoni amelewa nitaitumia, Wendell, kwa sababu naogopa kufa. Kisha nitakupigia simu wewe kwanza, kabla ya sherifu na askari wake. Mimi nimeshachagua kama ulivyotaka. Sasa chagua na wewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado,
Nadine