Waliokicheka Kitabu Chako

Mjukuu wangu Ineza,

Amahoro, amani iwe nanyi huko Muyinga. Hapa Yoba tu wazima. Babu yako amevuna maharage, na majirani wamechoka kumsikia akijisifu.

Unasema riwaya ile ilikuliza, wenzako darasani wakakucheka: eti hakuna kinachotokea, msichana anafagia tu chumba cha marehemu mama yake. Unaniuliza kama una kasoro. Kasoro gani, mwanangu?

Nilipokuwa msichana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulisomeana riwaya huku tukimenya maharage mabichi. Sura nzima kijana alikuwa akimtengenezea baba yake kiti, basi. Tukacheka. Bibi mmoja jirani yetu, asiyejua kusoma, akaacha kumenya.

"Hebu rudia hapo kwenye kiti," akasema.

Tukarudia mara tatu. Kisha akaendelea kumenya.

Aliyecheka kuliko wote nilikuwa mimi. Jioni ileile nilikwenda kukiazima kile kitabu, wenzangu wasijue.

Kwa hiyo chako usikifiche. Kiache juu ya dawati, halafu uone nani atakuja kukuomba kwa kunong'ona.

Bibi yako anayekupenda