Aliyekuonjea Jodari

Mama yangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Baba anakuwa karibu, nami naishia kwenye shikamoo na habari za shule.

Ramadhani hii bandarini Salale wanashusha samaki wakubwa. Jana Baba kaleta kipande cha sulisuli, nikapika mimi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema, "Nguru hahitaji msaada wa mtu, lakini sulisuli ni mkavu, mbembeleze kwa tui zito." Jodari ulikuwa ukimtoa kwanza ule mnofu mweusi, kisha ukimlaza kwenye ndimu. Siku hizi najua kwa nini ana damu nyingi vile. Kitabu cha biolojia kinasema mnofu ule ndiyo misuli ya samaki anayeogelea mbali bila kupumzika. Nilitaka nikwambie wewe kwanza.

Miaka ile wewe ulikuwa unafunga na mimi bado mdogo, kwa hiyo mchuzi wa futari nilikuonjea mimi. Ulinipulizia kijiko, ukachuchumaa unitazame usoni. "Haya, ulimi wangu, sema." Siku moja nilikuwa nimeshinda namumunya ukwaju, ulimi umekufa ganzi, nikakwambia chumvi imekolea. Magharibi Baba akatia tonge mdomoni, akauliza, "Jodari huyu mmemchemsha kwa maji ya mtoni?" Ukamjibu, "Muulize ulimi wangu huyo, mie nilikuwa nimefunga." Tulicheka sote watatu, chumvi ikipita mkono hadi mkono.

Sasa uko Mafia kwa mumeo mpya. Juzi umetuma sauti kwenye simu: "Rehema kaonja jodari, kaniambia, Mama, chumvi bado. Na kweli bado. Mtoto huyu ana ulimi, kakushinda wewe." Najua ulikuwa unatania. Lakini Rehema ni mtoto wa mumeo, ana miaka sita, na anakuita Mama. Niliirudia sauti ile mpaka Baba akauliza kama simu imeharibika.

Nina wivu, Mama. Namwonea wivu hata kwa kile kijiko anachopuliziwa. Afadhali angekuwa hajui kitu, akakuharibia futari kila siku. Mimi nimekua, nafunga. Hata ungekuwa hapa jikoni nisingeweza kukuonjea. Hilo nalielewa vizuri kabisa, na bado wivu hautoki.

Umeuliza kama nitakuja Idd. Baba karuhusu. Nitapanda boti Nyamisati siku ya Idd pili. Naomba jambo moja tu. Uje gatini peke yako, tutembee polepole mpaka nyumbani, mimi na wewe, hata kama njia ni fupi. Rehema nitamsalimia tukifika.

Funga njema, Mama. Mungu akuweke mpaka tuonane.

Mwanao, yule wa kwanza