Neno Nililosema Tulipomzika Kolbein

Kvalneset, Norwei
Jumatano, 11 Novemba 1987

Mpendwa mjukuu wangu Jorunn,

Hujambo huko misheni, Madagaska? Homa imekuacha? Mimi mzima, meno tu ndiyo yanakwisha. Barua yako ya Agosti nimeipata: mistari sita! Karatasi zimekwisha huko, au vidole?

Huku mvua tupu. Nusu ya viazi imeozea shambani.

Sasa kaa chini. Kaka yangu, babu yako Anfinn, anakufa. Ni mapafu. Muuguzi anasema Jumapili hafiki. Barua hii itakukuta ameshazikwa, lakini nisipoiandika nitapasuka.

Hukuambiwa kwa nini aliacha kuja nyumba ya sala. Ni mimi. Mwanawe Kolbein alizama na mashua, amelewa. Tukinywa kahawa baada ya maziko, nilisema mbele ya wote kwamba yule hakumjua Bwana, tusijidanganye kuhusu alikokwenda. Kisha nikaomba kahawa nyingine. Miaka ishirini na miwili Anfinn hajanisemesha, na milango yetu inatazamana.

Juzi nilikwenda kwake, na lefse, zile chapati zetu za viazi, na Biblia.

“Gudlaug! Umekuja kunihubiria au kunipima jeneza?”

“Vyote viwili, usiponyamaza.”

Alicheka mpaka akakohoa damu. Nikaanza kumweleza amani ya Kristo, akageukia ukuta. “Amani hiyo mbona ulimnyima mwanangu? Funguo za mbinguni unazo wewe?”

Nilirudi nyumbani nikashindwa hata kuomba. Jorunn, maisha yangu yote nimejivunia amani niliyo nayo, kumbe ni ukaidi uliovaa nguo za Jumapili.

Jana nilirudi mikono mitupu. Nikapiga magoti, na uzee huu, nikamwambia: nilisema nisilolijua. Sijui Kolbein alimlilia nani mle majini. Najua tu kwamba Bwana amenisamehe mimi mwenye mdomo huu, na hiyo ndiyo Injili yote niliyo nayo.

Akasema: “Ulisema mbele ya watu. Kakanushe mbele ya watu.”

Kesho kina mama wanaofuma soksi za misheni wanakutana kwangu, wale wale walionisikia. Tumewafumia watu wa mbali miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyevuka barabara kwenda kwa Anfinn. Nitawavusha wote, na sufu zao, mpaka chumbani kwake, niseme akisikia. Naogopa, mwanangu. Pengine atatufukuza. Pengine tutakuta kitanda kitupu.

Na wewe huko, ukimwendea aliyefiwa, funga mdomo kwanza. Umesikia?

Msalimie mumeo Håvard, umbusu Ingrun mdogo. Mama yako anawasalimu.

Bwana awafunike ninyi nyote, na amshikilie Anfinn hadi kesho saa tisa alasiri.

Akupendaye hata akikugombeza,
Bibi yako Gudlaug