Paneli Iliyotazama Mlima

Baba Wanja,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya tawi letu la chama cha wafanyakazi hapa kiwanda cha chai, watu wa boila na wanachama wote ambao bado wanapumua, natangaza rasmi kwamba paka wa kantini amezaa. Amezalia ndani ya koti lako. Lile la kaki ulilolitundika kwenye msumari nyuma ya boila, likaanguka, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuliokota. Paka hakuona haya. Mwenyekiti alikuwa amepanga kulipeleka kwa Mama Wanja baada ya mazishi yako. Sasa anasema lina wapangaji, tungoje.

Basi habari kubwa ndiyo hiyo. Zilizobaki ni za kawaida. Mvua ya kupanda ilichelewa tena, ikaja kwa hasira, ikaondoka bila kuaga. Lori la kuni siku hizi linatoka mbali mpaka dereva ameanza kuulizia habari za kwetu Runyenjes kama mgeni. Kuni zinafika mbichi. Tunazipanga zikauke, lakini majani chai hayangoji, tunazitia hivyo hivyo. Boila inakohoa. Ikikohoa nakumbuka kile kifua chako, natoka nje, nawaambia wenzangu naenda kuhesabu kuni. Wanajua sihesabu kitu. Wananiacha.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka Meru mjini na ile paneli ya sola? Umeifunga blanketi, umeipakata, Mama Wanja akatoka nje akidhani umeokota mtoto. Wewe ukasema, "Huyu anakula jua tu. Hataki maziwa." Nilikucheka mpaka nikakaa chini. Jumamosi iliyofuata ulituita kantini, ukaanza yale masomo ya chama. Tulizoea kwamba semina ni ya kufundishwa haki za likizo, na soda baadaye. Wewe ukaleta hali ya hewa. Ukatuambia moshi wa viwanda vya dunia umeifunika kama blanketi, joto linaingia, halitoki, na ndiyo maana mvua zimepoteza kalenda.

Nyaga wa boila, unamjua, hakuna kuni anayoogopa kubeba, anaogopa neno jipya tu, akauliza, "Na huu moshi wetu mdogo hivi ndio unaharibu dunia?"

Ukamjibu, "Wa Ulaya ni mkubwa zaidi, kaka. Lakini jua likichoma majani chai, halitauliza moshi ni wa nani."

Halafu ukasema lile jambo lililotunyima usingizi. Kwamba siku moja hizi kuni zitaisha ama zitakatazwa, na boila itakuja ya aina nyingine, isiyotaka mikono mingi. Kwamba wakati huo kutakuwa na kazi ya kufunga hizi sola kwa mashule, kwa zahanati, kwa nyumba za watu kuanzia hapa mpaka Ruiri. "Nani atazifunga? Mtu atoke Nairobi na ngazi yake? Chama kisingoje barua ya kufutwa ndiyo kiamke." Watu wa boila wakasikia neno moja tu: kufutwa. Wakaanza kusema wewe, Njeru, umeletwa kutuzoesha kufutwa. Jumamosi baada ya Jumamosi viti vikapungua, mpaka mkabaki wewe, mimi, Mama Wawira wa kuchambua majani, na paka.

Ukaugua. Ukaondoka.

Wiki chache baada ya matanga, kamati ikatangaza kwamba wanachama watapiga kura: masomo yaendelee ama yafungwe. Mwenyekiti akanipatia mimi somo moja la mwisho, la kuwashawishi. Mimi, Baba Wanja! Mtu aliyeshindwa kusoma tangazo la kifo chako kanisani bila kusaidiwa na katekista.

Mama Wanja akanipa paneli, na lile blanketi. Nikaazima betri, nikanunua balbu. Wanja mwenyewe, sasa mrefu kunishinda, aliniuliza juzi somo lilikwendaje. Nikamwambia lilikwenda vizuri sana, niliongea kama askofu, balbu ikawaka, watu wakapiga makofi. Ndivyo nilivyomwambia mke wangu pia. Hata mwenyekiti, ambaye alikuwepo, ameanza kuisimulia hivyo.

Lakini wewe sikudanganyi. Hata nikijaribu, uko mahali ambapo mnaona.

Ilikuwa hivi. Nilipanda juu ya paa la kantini wiki moja kabla ya somo, nipate kujaza betri. Nikaishika paneli yako, nikaona ni kitu chako cha mwisho, sharti nikiheshimu. Sasa kitu cha heshima kwetu kinaelekezwa wapi? Mlango wa nyumba ya baba yangu uliangalia mlima, Kirinyaga. Wa baba yako pia. Tukichinja, tukiomba, tunaelekea huko. Basi nikaisimamisha wima kama mlango, ikaangalia mlima, nikaifunga kwa waya, nikavua kofia. Nilisema hata maneno mawili matatu. Nilishuka nimeridhika kabisa.

Na mlima, unaujua. Asubuhi unaonekana kidogo, halafu unajifunika mawingu siku nzima kama bibi harusi.

Jumamosi kantini ikajaa, maana watu walikuja kupiga kura, si kusoma. Tukaziba madirisha na magunia pawe giza. Nikatoa hotuba yangu, nikasahau katikati, nikaanza upya. Nikawasha. Balbu ikatoa wekundu mdogo, kama jicho la kuku mgonjwa. Ikafa.

Nyaga akasema kwa sauti, "Hata jua limeenda likizo!"

Walicheka, Baba Wanja. Walicheka mpaka nikaangalia chini. Mwenyekiti akasimama, akasema haya, tupige kura tufunge hii kitu twende nyumbani. Mikono ikaanza kuinuka. Nikafikiria lile blanketi.

Ndipo Mama Wawira akaniita kutoka nyuma. "Baba Ndwiga, hiyo kioo umeifunga ikiangalia wapi?"

"Mlimani."

Akauliza, "Sasa wewe unaomba mvua ama unatafuta jua?"

Sijui kama umewahi kusikia watu wazima wakicheka namna ile. Akaendelea, "Jua linatoka huko Ishiara, mashariki, baba. Kila siku. Muulize hata ng'ombe."

Sasa sikiliza hapa. Aliyetoka kwanza alikuwa Nyaga. Si kwa sababu ya kupenda masomo. Mtu wa boila hawezi kuvumilia moto uliokataa kuwaka, hata kama ni moto wa adui yake. Akapanda paa akinitukana njia nzima. Wengine wakamfuata, wengine wakabaki chini wakitoa amri. Ilale chali! Hapana, iiname kidogo maji yatiririke! Itoe kwenye kivuli cha bomba la moshi! Mama Wawira akawa anaonyesha kwa kidole jua linapopita, asubuhi wapi, jioni wapi. Walibishana mpaka kura ikasahauliwa, ikabidi iahirishwe wiki moja. Mimi nilishika ngazi. Hilo ndilo somo nililofundisha: kushika ngazi.

Wiki ile kila mtu wa zamu alipita kantini kuangalia paneli, kama mgonjwa aliyelazwa. Jumamosi balbu ikawaka. Mwanga mdogo tu, usije ukafikiri ni stima ya Embu mjini. Lakini ulikaa. Nyaga alikuwa ameketi mbele kabisa, kwenye kiti chako, na hakuna aliyemwinua.

Mwenyekiti akauliza nani anataka masomo yaendelee. Nyaga akasimama. "Mimi bado naogopa," akasema. "Nina watoto, na boila ndiyo najua. Lakini nifundisheni nikiwa naogopa hivyo hivyo." Akainua mkono. Halafu mingine. Si yote, lakini ilitosha.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Hakuna aliyeongea kama askofu. Hatujui boila mpya italetwa lini, wala nani atabaki. Fundi mmoja wa Meru amekubali kuja kutufundisha nyaya, na Nyaga anamsubiri na maswali yake mabaya.

Lala salama, rafiki yangu. Jumamosi kantini itafunguliwa, nakuahidi, na ngazi nitashika mimi. Koti nitalipeleka kwa Mama Wanja watoto wa paka wakishafumbua macho.

Ni mimi wako,
Baba Ndwiga