Lavenda Iliyozidishiwa Maji

Chapwa, Tunduma

Dada yangu Gwantwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Shemeji na watoto hawajambo? Mahindi mmeshapukuchua? Sisi huku wazima, na safari hii nalisema bila kujikaza. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mama angesikia.

Unakumbuka alivyokuwa tulipomleta hapa baada ya kumzika baba. Amegeukia ukuta, uji anaonja kijiko kimoja anarudisha. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mchungaji akamwombea, akaitikia amina, akageukia ukuta tena. Niliogopa, dada, kwamba tutarudi makaburini mwaka huu huu.

Basi nikanunua miche ya lavenda kule Vwawa, nikaipanda chini ya dirisha lake, nikidhani harufu itamchangamsha. Wapi! Aliuliza inapikwaje. Nilipomwambia hailiwi, akajifunika shuka. Nikawa naimwagilia ndoo nzima asubuhi, nyingine jioni, mpaka ikawa ya njano.

Jumamosi nimeshika ndoo, mlango ukafunguliwa. Mama huyo, pekupeku, na khanga yake ya kulalia! Akaninyang'anya ndoo.

"Mmea unazama na wewe unaongeza maji? Nani alikulea wewe?"

Akaagiza jembe. Akainua tuta kama la viazi, akachanganya kokoto na majivu kidogo, akakata mizizi iliyooza na kuipanda upya miche iliyosalimika. Alinigombeza mpaka majirani wakachungulia. Kisha akanawa mikono, akaomba ugali na maharage. Alikula, dada, akaongeza. Niliingia jikoni nikalia.

Sasa haturuhusiwi kuigusa. Yeye mwenyewe hutia kidole udongoni kwanza, ukiwa na unyevu haimwagilii. Imechipua, na anasema mvua zikianza anarudi Ileje kwenye shamba lake.

Sasa nikuambie jambo, na ulimeze. Muuza miche alinionya siku ile ile kwamba lavenda haitaki maji mengi. Mwanzoni nilifuata. Siku moja ndoo ikaniponyoka, maji yote yakaishia kwenye mche. Nikamwona mama dirishani ameinua kichwa, amekunja uso. Uso ule sikuwa nimeuona tangu msiba. Kesho yake nikamwaga tena, nikaendelea kumwaga, huku nikimwomba Mungu mama akasirike kabla miche haijaisha.

Wasalimie wote, na Mungu awatunze. Mama akikupigia kunisema kwamba sijui kulima, tafadhali mkubalie.

Mdogo wako akupendaye,
Tumpale