Amana Chini ya Meza

Jumatatu, 16 Juni 2025
Vumbi la uani kwa dada Nassra, Jang'ombe, limo kwenye mashine ya kupimia mionzi tangu asubuhi. Mumewe, Ubwa, aliyeyusha vyuma chakavu pale. Kipimo cha mkono kililia kidogo, wakaambiwa wahame mpaka tujue ni nini. Sasa yeye na watoto wako kwangu. Natafuta kilele kimoja tu kwenye skrini, cha seziamu, sumu ya mionzi. Kipo au hakipo.
Vilele vyote vimekuwa vinene! Vina mkia upande wa kushoto.

Jumanne, 17 Juni
Nimepima kitu tunachokijua. Mkia uleule. Si vumbi — fuwele ya jemaniamu ndani ya mashine, ndiyo jicho lake, imeumia. Kuna kilele cha udongo wa kawaida jirani kabisa na cha seziamu, kulia kwake. Mkia wake unakifunika. Siwezi kusema ndiyo wala la.
Nimeinama chini ya meza. Shibiri moja kutoka kwenye fuwele: sanduku la manjano, na kufuli. Kipimo cha unyevu wa udongo, cha wajenzi wa barabara ya Paje. Ndani kinatoa nyutroni, mionzi inayopenya na kuumiza fuwele, mchana na usiku.

Alhamisi, 19 Juni
Bi Tahiya, mkuu wetu, kasema sanduku ni amana ya shemeji yake, Suhail, wa hao wa barabara, tangu kabla ya Ramadhani. Chumba chenye kufuli ni hiki tu. Kila Ijumaa hulitazama kama lipo.
"Amana huikatai, mwanangu. Na limefungwa."
Nikamwambia nyutroni hazizuiwi na kufuli. Akasema: basi shemeji kaniletea mwizi nimlinde.
Matengenezo ni ng'ambo. Fuwele ikipata joto kabla ya hapo, kisha ikapoozwa tena, jeraha litazidi. Naitrojeni ya maji ya kuipoozea iko Dar. Boti zimezuiwa, upepo.

Ijumaa, 20 Juni
Nimetumbukiza kijiti kwenye tangi la naitrojeni. Barafu imeshika ncha tu; inakwisha.
Bi Tahiya hataki sanduku litajwe. Kaandika kwenye ripoti: seziamu haikuonekana. Nikasema haikuonekana kwa kuwa hatuoni. Akasema basi hajasema uongo. Anangoja saini yangu.
Alasiri Nassra kapiga simu, kesharudi kwake, anacheka. Bi Tahiya keshamwambia seziamu haikuonekana.
"Nshafagia ua wote. Vumbi hilo! Watoto wamo humuhumu, wanacheza. Ulikuwa ukitutisha tu, weye."
Nimemwambia awatoe. Kazidi kucheka, simu ikakatika. Ubwa hapokei. Bi Tahiya kasimama mlangoni, ile ripoti mkononi. Sijatia saini —