Mkubwa Wetu Hajasema

Mpwapwa, Jumatatu, mvua ya kwanza

Sasa Bwana anajua ni mimi.

Sisi wanafunzi tulikuwa tumeapiana kusema hakuna kiongozi. Mvua imenyesha, nyumbani wanapanda, na huyu Bwana, mwalimu wetu Mjerumani, anatubakiza hapa tumlimie shamba lake. Kwa hiyo leo kengele ilipolia tuliketi uani, majembe mapajani, kimya.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alimwinamia Petro, aliyekaa mbele, akamuuliza polepole, "Kwa nini hamtaki kulima?"

Petro akatazama chini kwa adabu. "Siwezi kutangulia, Bwana. Mkubwa wetu hajasema."

Macho yote yakanigeukia. Nimlaumu vipi? Kwetu mdogo hasemi kabla ya mkubwa, na pale hakuna aliyenizidi umri.

Kesho napelekwa bomani. Viboko. Mgongo unanisisimka tangu jioni, na bado hakuna aliyeugusa. Na mama, nani atamsaidia kupanda? Nikifukuzwa shule je...

Petro amekuja sasa hivi. "Kaka, kesho tunakwenda bomani wote."

Nikaanza kumkataza.

"Hapana, kaka," akasema, kabla sijamaliza.